Muulize Fundi: RD 350 inakabwa resi zikipanda

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya Yamaha RD 350 YPVS (ile yenye valvu ya ekzosi), tustroku ya miaka ya 80, injini inayounguza oili pamoja na petroli. Tangu ibadilishwe ringi za pistoni inaondoka vizuri, ila resi zikipanda inakabwa. Kabureta nimesafisha, plagi mpya. Tatizo nini? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Marahaba. Kabureta ziache, naona hazina kosa. Kubadilisha ringi lazima silinda ing'olewe, na hapo zile kebo mbili za valvu ya ekzosi hufunguliwa. Mafundi wengi huzirudisha kwa kukadiria tu.

Valvu yenyewe ni kipande mviringo cha metali kinachozunguka juu ya tundu la ekzosi. Resi za chini huliziba kidogo upate mvuto. Zikipanda, mota ndogo huizungusha tundu lipanuke. Nahisi yako haifunguki yote.

Washa swichi bila kupiga kiki. Usikie mota ikilia, puli (kigurudumu cha valvu kinachovutwa na zile kebo) izunguke hadi mwisho na kurudi. Kimya? Anza na soketi za umeme. Ikizunguka na kutulia, tazama mkato wa puli: ulingane na kitundu cha silinda, ncha nyembamba ya drili ipenye moja kwa moja. Haipenyi, legeza kebo moja ukikaza nyingine mpaka ipenye, kisha toa ncha. Usizikaze kama nyuzi za gitaa. Mota itaungua, na kuipata mpya ni kazi.

Puli ikiwa nzito hata kebo zikiwa nje, hayo ni masizi. Toa valvu, loweka kwenye mafuta ya taa, weka sili mpya. Na oili inayochanganyika na petroli ni kiasi gani? Ikizidi ndiyo huleta masizi.