Sarandë, Ksamil ama Himarë: tulale wapi?

SWALI: Dada wa safari habari za kazi. Mimi niko Ntinda hapa Kampala, mdogo wangu anafanya kazi Bari kule Italia na amesema Septemba tukutane Albania wiki moja hivi baharini maana hoteli za Italia bei ni moto. Tutakuwa na mama pia, na goti linamsumbua. Huyu ananiambia Sarandë, yule Ksamil, mwingine Himarë, nishachanganyikiwa. Gari hatukodi. Tulale wapi?

JIBU: Dada yangu, kwa vile hamna gari na mama mko naye, laleni Sarandë. Ksamil ni kuzuri kweli, maji meupe unaona mpaka chini na visiwa vidogo viko hapo hapo mbele yako, lakini fukwe ni ndogo na zimejaa viti vya kulipia, Julai na Agosti watu wanabanana kama paki ya teksi mjini Kampala. Septemba afadhali, bei zimeshuka na maji bado yana joto. Sasa kutoka Sarandë hadi Ksamil ni kama kilomita 15 tu na basi lipo, linapita Ksamil linaishia Butrint kwenye yale magofu ya kale ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia 1992, kwa hiyo mchana mnaogelea Ksamil, jioni mnarudi kula samaki mjini. Himarë ni ya mtu anayetaka utulivu kama wa visiwa vya Ssese, ila bila gari mtasubiri sana.

Kitu kimoja tafadhali. Sarandë imejengwa kilimani, na vile vyumba vya bei ya chini mara nyingi viko huko juu, ngazi tupu! Kabla hujatuma hela muulize mwenye nyumba kuna ngazi ngapi mpaka baharini, usikubali akuambie tu "ni karibu", goti la mama halijui karibu. Na mbebe sapatu za kuingia nazo majini maana fukwe nyingi za huko ni changarawe.

Kuhusu viza, pasi yetu ya Uganda kwa kawaida inahitaji viza ya Albania, na Albania haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama mtapitia kwa mdogo wako halafu mvuke na feri ya usiku ya Bari hadi Durrës huko Albania, ombeni viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mkishatoka Italia hamrudi tena. Hata kisiwa cha Corfu mtakachokiona ng'ambo pale, nusu saa tu kwa boti ya kasi, ni Ugiriki, viza ya Schengen wataitaka.