Muulize Fundi: Masafa ya redio, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Natengeneza simu na spika hapa Ngamiani, Tanga. Nataka kujifunza kubuni saketi za masafa ya redio, lakini kila kitabu nikikifungua ni hesabu tupu. Nianzie wapi? Kebo ya televisheni inafaa kwa redio ya mashua? Na niagize transmita ndogo ya FM ya kujifunzia?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu huzikimbii, ila si lazima ziwe mlango wa kuingilia. Anza na antena.

Mimi nimezeekea kwenye redio za mashua, kwa hiyo nakupa chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.8. Gawa 300 kwa 156.8, unapata urefu wa wimbi: mita 1.91. Robo yake haifiki sentimita 48. Kata waya wa shaba wa sentimita 50, usimamishe kwenye konekta, na chini yake tandaza nyaya nne za urefu huohuo. Halafu unganisha nanoVNA, kile kipimo cha mfukoni kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Kwenye kioo utaona mstari umezama mahali fulani chini ya 156.8. Nyofoa milimita chache za waya uliosimama: penye kuzama panasogea kulia. Nyofoa tena, taratibu, maana waya uliokatwa haurefuki. Utaishia chini ya ile 48 ya kitabu, na hapo ndipo utataka mwenyewe kujua kwa nini.

Jambo la pili litakusumbua zaidi kwa sababu umezoea spika. Huku juu kwenye masafa ya redio, mguu wa kapasita nao ni koili. Sentimita moja ya mguu ni kama nanohenri 10, kwa kipimo cha koili, na kwenye megahezi 156.8 hiyo huzuia mkondo kama ohmu 10 hivi. Kwenye spika hutaiona kabisa. Huku inaharibu kichujio kizima. Ndiyo maana miguu hukatwa mifupi na upande wa pili wa bodi huachwa shaba tupu kuwa ardhi.

Ukishayaona hayo kwa macho, fungua namba changamano, zile zenye sehemu mbili, na chati ya Smith, duara la kusomea ohmu za antena. Phillip Smith aliitoa mwaka 1939, na hadi leo vipimo huchora juu yake. Desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu, jifunze mapema: 3 ni nguvu maradufu, 10 ni mara kumi.

Kebo ya televisheni ni ohmu 75, redio yako ni 50. Mafundi wengi wataapa kwamba itaunguza redio. Tofauti hiyo peke yake hurudisha kama asilimia 4 tu ya nguvu. Ninachokiogopa mimi ni chumvi ndani ya konekta, na kebo nyembamba ndefu: RG-58 ya mita 15 hula karibu nusu ya nguvu kwenye masafa hayo. Hata hivyo nunua ya ohmu 50, bei hazipishani sana.

Transmita ya FM acha kwanza. Kurusha hewani kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na za bei rahisi humwaga uchafu hadi masafa ya wenzako. Ukitaka kupima kitu kinachorusha, kifunge kwenye mzigo bandia wa ohmu 50, unaomeza nguvu badala ya antena. Na chaneli 16 usiijaribie hewani hata kidogo. Ni ya wito na dharura, na wavuvi wanaisikiliza.