Kabla hujamwimbia baba ambaye hakuwepo

Baba yangu alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, kule Mererani. Sisi tulikaa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, naye alikuja Krismasi, tena si kila Krismasi. Kucha zake zilijaa weusi unaong'aa wa kinywe, ule mwamba laini kama risasi ya penseli unaopatikana penye tanzanite. Mama alibandika maji ya kuoga mara mbili, na bado asubuhi shuka lilikuwa na alama ya kiganja.

Vumbi lilimmaliza kifua. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, na mwezi ule ule nikamtungia wimbo. Beti tatu, zote mashitaka: ulikuwa wapi, mbona ulitutupa. Prodyuza aliupenda. Mama aliusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, huyu simjui."

Ukiwa na baba wa namna hiyo, nakusihi usianze na hasira, hata kama unayo haki nayo. Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako. Mimi nilianza upya na ile alama kwenye shuka.

Halafu nenda kaulize. Nilishuka Mererani nikakaa na wenzake. Wakanieleza nisichowahi kukijua: wengi wao hawana mshahara. Mwenye mgodi huwalisha, na mgawo huja siku jiwe likipatikana. Ikapita miaka hawakupata kitu. Baba aliona aibu kupanda Hiace kuja kwetu mikono mitupu. Hilo halifuti jioni nilizokaa barabarani nikimngoja, na sikulitumia kuzifuta. Yote mawili yamo wimboni, ubeti mmoja kando ya mwingine.

Kuhusu sauti: shusha ufunguo. Juu kule nilikuwa napiga kelele za kilio na maneno yanapotea. Chini niliweza kuzungumza naye. Kiitikio nilikiondoa kabisa. Pale kinapotarajiwa kuingia, gitaa linapiga peke yake.

Na usiuimbe kwa watu kabla wenye msiba wenyewe hawajausikia. Nilichuma jani la sale, ambalo kwetu Wachaga ndilo la kuombea msamaha, nikaliweka kaburini na kumwimbia pale. Mama alisimama pembeni, kashika upande wa kitenge mdomoni. Nilipomaliza aliniomba nirudie ubeti wa shuka.