Uliza Fundi wa Mvuke: Jodari, Boila na Maji ya Jabia

Kaskazi imeingia na barua zimeingia nayo. Za mara hii zimetoka Malindi na Lamu, na karibu zote zinauliza juu ya kupika samaki kwa mvuke kwa wingi. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi katika viwanda vya mwambao, kwenye boila (tangi la kuchemsha maji yawe mvuke) kwanza kisha kwenye makabati ya kupikia, kwa hivyo nitajibu kwa marefu pale panapohitaji.

*Asalaam aleikum, fundi. Sisi ni kikundi cha kina mama wa hapa Malindi, tunanunua jodari bandarini tunawakaanga. Mfanyabiashara mmoja ametuletea picha za kabati la mvuke, la chuma kisichoshika kutu, lenye toroli mbili za trei. Anasema linapika kilo 500 kwa mpigo mmoja. Bei yake itatulazimu tuchukue mkopo. Tununue? Na jodari anapikwa muda gani? – Katibu wa kikundi, Malindi*

Aleikum salaam, mama katibu. Huyo muuzaji amewaambia kabati linapika kilo ngapi. Mimi nataka kujua barafu yenu inatosha kilo ngapi. Kwa joto letu la pwani, hesabu ya kuaminika ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kilo 500 za jodari zinataka kilo 500 za barafu, na barafu hiyo iwepo kabla mashua hazijafika, maana mpaka toroli ziingie kwenye mvuke, samaki wote wanangoja nje. Kama leo mnanunua barafu ya ndoo mbili tatu, kabati hilo litawaharibia samaki wengi kuliko litakaowapika.

Sasa muda. Dakika za kukariri hazipo. Jodari wa kilo mbili anaweza kuiva kwa saa moja na kidogo. Wa kilo tisa au kumi anataka saa tatu hadi nne. Ndiyo maana kiwandani kazi ya kwanza asubuhi ni kuwapanga kwa ukubwa, wadogo toroli yao, wakubwa yao. Ukiwachanganya, mdogo atakauka huku mkubwa bado mbichi mfupani, na kukauka huko ni hasara ya pesa. Hata akipikwa vizuri, jodari anapoteza maji na mafuta kiasi cha moja ya tano au robo ya uzito wake: kilo 100 zinatoka 80, au 75. Ukiondoa kichwa, ngozi, mifupa na ile nyama nyeusi, kilo 100 za jodari mzima hazikupi hata kilo 50 za minofu safi. Wekeni hesabu hiyo mezani kabla ya kusaini mkopo.

Kipimo cha kuiva ni joto la uti wa mgongo. Chagua samaki mkubwa kuliko wote kwenye toroli, chomeka sindano ya kipimajoto mahali alipo mnene zaidi mpaka iguse mfupa, usome. Viwanda vya mikebe huwatoa jodari uti wa mgongo ukifika nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, kwa sababu atapikwa mara ya pili ndani ya mkebe. Nyinyi mnamuuza aliwe hivyo hivyo, kwa hivyo fikisheni 70. Baada ya hapo mfungueni mmoja mumtazame kwa macho. Aliyeiva sawasawa, minofu yake minne inaachana na mfupa ukiisukuma kwa kidole gumba. Nyama iliyo karibu na mfupa imepoteza wekundu wote, na damu ya kwenye uti imeganda nyeusi, haitiririki. Ukiona bado inang'aa na inashikilia mfupa, rudisha toroli ndani.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hewa. Kabati likifungwa linakuwa limejaa hewa, na mvuke lazima uisukume itoke yote. Siri ya mvuke iko hapa: kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2, lakini kuyageuza maji hayo yanayochemka kuwa mvuke kunataka kilojuli 2257. Mvuke ukimgusa samaki wa baridi unageuka maji juu ya ngozi yake, na papo hapo unamwachia joto hilo lote. Hewa haiwezi. Hewa ikibaki inajikusanya chini na katikati ya trei, na samaki walio hapo wanabaki vuguvugu huku kipimajoto cha juu kikikuonyesha 100. Nimewahi kufungua makabati ambayo trei za juu zimeiva hadi kupasuka na za chini bado zina damu, na sababu ilikuwa tundu la kutolea hewa lililozibwa na mtu aliyetaka kuokoa kuni. Tundu hilo liwe wazi kabisa mwanzoni, mpaka mvuke utoke kwa nguvu mfululizo, kisha liachwe wazi kidogo hadi mwisho. Na chini kuwe na njia ya maji kutoka, samaki wasiogelee.

Muulizeni muuzaji swali moja tu: boila inayokuja na kabati hilo inatoa kilo ngapi za mvuke kwa saa? Kilo 100 za samaki aliyetoka kwenye barafu, kumfikisha nyuzi 70, zinataka kama kilo 11 za mvuke kwa hesabu ya karatasi. Trei, kuta za kabati na mlango unaovuja vitakula nyingine kama hizo au zaidi. Kwa kilo 500, basi, zaidi ya kilo 100 za mvuke kila mpigo. Akishindwa kujibu, hajui anachouza.

Ushauri wangu, mama katibu, msichukue mkopo huo mwaka huu. Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea hapa Malindi anaweza kuwatengenezea kabati dogo lisilo na presha: tangi la maji chini, moto wa nje, trei nne tano juu, mlango wa kufunga kwa ndoano, na tundu la hewa ambalo halina kifuniko kabisa. Mvuke wake utafika nyuzi 100 tu na jodari hahitaji zaidi. Pesa itakayobaki nunueni makasha ya barafu, kipimajoto cha sindano, na meza mbili: moja ya samaki mbichi, nyingine ya aliyepikwa, zisikutane, wala visu vyake visikutane. Kaskazi mbili zikipita na kabati dogo linashindwa kuwatosheleza wateja, niandikieni tena, nami nitakuja kuwasomea mkataba wa hilo kubwa.

*Ami, mimi ni kijana wa Kizingitini. Kuna mtu anataka tushirikiane kuleta mtambo wa kupika samaki kwa mvuke na kutengeneza unga wa chakula cha kuku. Unakula tani 10 za samaki kwa siku. Anasema Lamu samaki ni wengi hawana wa kuwanunua. – Mvuvi, Kisiwa cha Pate*

Mwanangu, mtambo wenyewe naujua na ni kazi nzuri ya uhandisi. Samaki wanaingia upande mmoja wa bomba refu lenye parafujo kubwa inayozunguka. Mvuke unapita ndani ya parafujo na nje ya bomba, na kwa muda kama robo saa, kwenye nyuzi 95 hadi 100, nyama inaganda na mafuta yanaachia. Kisha wanakamuliwa, maji na mafuta yanakwenda kutenganishwa, makapi yanakaushwa na kusagwa. Kilo nne au tano za samaki zinatoa kilo moja ya unga. Tani 10 kwa siku ni kama tani mbili za unga.

Lakini umefikiria maji? Boila ya kawaida tu, ya kutoa kilo 500 za mvuke kwa saa, inakunywa lita 500 za maji kwa saa. Katika mtambo huu mvuke uliopita kwenye parafujo unaweza kurudishwa ukiwa maji, lakini bomba za kurudisha zikivuja au zisipofungwa, saa nane za kazi ni lita 4,000. Na yawe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tena laini, yasiyo na chokaa. Maji ya bahari hayaingii kwenye boila: chumvi inafanya povu na inakula chuma. Ya visima vyetu vya mwambao nayo yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na chokaa hiyo inaganda ndani kama ukoko wa birika mpaka moto uunguze bomba. Kwenu maji baridi ni ya mvua, yaliyotekwa kwenye jabia, lile tangi la kujengwa la kuyahifadhi. Mji wa Lamu wenyewe unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Huwezi kuinywesha boila maji ya jabia huku watoto wanapanga madumu. Mtu huyo akikwambia ataleta mashine ya kuchuja maji ya bahari, mwambie aiweke kwenye hesabu pamoja na umeme wake, kisha muone kama unga bado una faida.

La pili ni kusi. Miezi bahari ikichafuka na mashua hazitoki, tani 10 zitatoka wapi? Mtambo wenye deni haujui kusi. Utaanza kula chochote, hata vitoto vya samaki vilivyotakiwa viachwe vikue. Na wale samaki wadogo waitwao simu na uono, ambao ndio huwa wa kwanza kutupiwa macho na watu wa unga kwa kuwa ni wadogo na wana mafuta, ndio kitoweo cha nyumba isiyoweza kununua nguru. Linaniuma sana hili. Chakula cha mtu kugeuzwa cha kuku, kilo tano kwa moja, nalipinga wazi.

Kama ni vichwa, mifupa na matumbo yanayotupwa baada ya kupasua samaki, hapo tunaelewana. Anzeni kwa kuyapima wiki kadhaa, mjue ni kilo ngapi kwa siku. Nahisi mtaona hayajazi mtambo wa tani 10 hata nusu, na mtajua ukubwa wa kifaa mnachokihitaji kwa kweli.

*Fundi, mimi ni mpishi Malindi. Tulipika jodari kwa mvuke vizuri, akaiva, hakuwa na harufu. Wageni watatu wakawa wekundu uso, wakawashwa mwili na kuumwa kichwa. Tajiri anasema ni mvuke haukutosha. Ni kweli? – Mpishi*

Si kweli, na mwambie tajiri wako kwa upole. Jodari, vibua na jamaa zao wana kitu katika nyama ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini, sumu iliyowadhuru wageni wako, samaki akikaa kwenye joto. Ikishakuwepo, histamini haiondolewi na mvuke, wala mafuta ya moto, wala moshi, wala friza. Samaki anaweza kuonekana safi na kunukia vizuri. Mara nyingine huwasha ulimi kama pilipili. Dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa chache, nazo ni hizo ulizozitaja, pamoja na moyo kwenda mbio. Wengi hupoa siku hiyo hiyo, ila anayebanwa na pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Kosa lilifanyika kabla samaki hajafika jikoni kwako. Jodari akivuliwa ni moto, damu yake na misuli yake imepigana na ndoana, na jua la sitahani linamalizia. Mnunulie nahodha ambaye unaona barafu imo ndani ya mashua wakati inafunga gati, na samaki amezikwa ndani yake. Barafu ikiongezwa pale bandarini ili upendezwe, usinunue.

*Tukishampika kwa mvuke tunaweza kumtia kwenye chupa za glasi na mafuta, tukafunga, tukauza dukani bila friji? – Dada wawili, Malindi*

Hapana, dada zangu. Ndani ya chupa iliyofungwa, isiyo na hewa, ndimo anamostawi bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na sumu yake inapooza mwili na kuua. Mbegu zake zinastahimili maji yanayochemka. Kuziua kunataka mvuke wenye presha, nyuzi 121, zifike hadi kitovu cha chupa kwa dakika tatu kamili. Ili joto lifike huko, mkebe mdogo unakaa katika mtungi wa presha karibu saa nzima. Na hewa ikibaki mtungini, geji ya presha itasoma paundi 15 ambazo ni nyuzi 121, kumbe kipimajoto kinasema pungufu. Vifaa hivyo viwili visipokubaliana, fuata kipimajoto. Kwa sasa uzeni jodari wenu kwenye barafu, aliwe siku mbili tatu.

*Mzee, naangalia boila kwenye kiwanda cha samaki. Msimamizi ameniambia kioo cha maji kikiwa kitupu nifungue maji haraka ijae. Nifanye hivyo? – Kibarua, Malindi*

Usifanye! Kioo kikiwa kitupu hujui maji yameshuka kiasi gani. Huenda chuma kimeshakuwa chekundu, na maji baridi yakikigusa yanalipuka kuwa mvuke kwa mara moja. Denis Papin, Mfaransa aliyeonyesha mtungi wake wa kulainisha mifupa kwa mvuke huko London mwaka 1679, aliuwekea valvu ya usalama, na tangu wakati huo kila mtu wa kazi hii anajua presha haina subira. Zima moto. Usifungue maji. Usiguse valvu ya usalama. Watoe watu wote chumbani, funga mlango, acha boila ipoe yenyewe, kisha aitwe mtu mwenye ujuzi aikague ndani kabla haijawashwa tena.

Kila zamu, kabla ya kuanza, fungua bomba dogo la chini ya kioo uone maji yanashuka na kurudi haraka. Yakirudi polepole, kioo kimeziba na kinakudanganya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na hati ya ukaguzi iwepo. Omba uione. Usipoonyeshwa, piga picha ya kioo, ya geji na ya kibao cha boila, uniletee hapa gazetini. Jina lako sitalitaja.