Bastola moja ya mjini na porini Alaska

Kaka, salaam. Unataka rivolva moja kubwa ya chuma cha pua, ya kuvaa kila siku hapo Anchorage na ya kwendea kuvua samaki kwenye mito yenye dubu. Mimi ningeanza na uzito. Rivolva ya Ruger Redhawk, ya risasi kubwa za .44 Magnum, mtutu wa inchi 4.2, inakaribia kilo 1.3 kabla hujatia risasi sita. Porini ukiifunga kifuani huisikii. Mjini, ndani ya koti, ikifika saa nane mchana mkanda umeshateremka na nyonga inauma. Wengi huishia kuiacha kabatini.

Kama ni moja tu, chukua Smith & Wesson 686 au Ruger GP100, mtutu wa inchi nne hivi. Ni za risasi ndogo zaidi, .357 Magnum, lakini zinapiga pia .38 Special, risasi dhaifu kuliko hiyo, ambayo haikurushi mkono sana; hiyo ndiyo ya mazoezi, mpaka kidole kizoee triga. Kwa dubu tia risasi zenye kichwa kigumu na kizito, si zile za kutanuka. Ila kama safari zako ni za Kodiak, kisiwa cha dubu wakubwa kabisa, nabadili maneno: beba .44.

Chuma cha pua nacho hupata kutu, polepole tu. Ukitoka mvuani fungua vishikio vya mpira, maji hujificha hapo.

Dawa ya pilipili ya dubu ibebe vilevile. Na ukienda majimbo mengine ya Marekani, kusini, kwa gari, njia hupita Kanada: usiingie huko na bastola.