Shemeji anavuna michikichi yangu, nimshitaki?

*Shangazi, marehemu mume wangu aliniachia shamba huku Uvinza. Shemeji anadai mistari miwili ya michikichi ya mpakani ni ya baba yao, na tangu masika anakata mikungu. Ndugu wanataka tusuluhishwe. Naona wananichelewesha tu. – Mama Wawili*

Mama Wawili mwanangu, hata ukikimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kesho, utarudishwa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, na wilayani wanataka cheti chake kwamba mmeshindwa kupatana. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda bila cheti. Kwa hiyo tunza nakala yenye tarehe uliyopeleka shauri.

Ukitaka kuanzia karibu, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Kama mmoja wao anamdai shemeji yako au ni ndugu yake, sema kabla ya kikao. Ukisema baadaye utaonekana umekasirika tu.

Msuluhishi hatoi hukumu, kwa hiyo ukifungua kwa "shemeji ni mwizi", atajitetea mpaka jua lizame. Sema unachohitaji: mawese ya miti ile ndiyo madaftari na sare za watoto. Kisha omba msuluhishi azungumze na kila mmoja wenu faraghani. Huenda shemeji kinachomuuma ni kuachwa nje mlipogawana mali, na hilo hawezi kulitamka mbele ya kijiji kizima.

Ombeni pia mkutane shambani. Ofisini kila mtu ana mpaka wake kichwani.

Mapatano mengi hufia kwenye karatasi. "Wamekubali kuheshimu mpaka" haitafika msimu ujao. Iandikwe mpaka unaanzia mti gani na kuishia jiwe gani, hatua ngapi, kila mstari ni wa nani, mikungu iliyokwisha kukatwa italipwaje na lini. Majirani mnaopakana nao watie sahihi. Kama mama mkwe anaelewa zaidi Kiha, asomewe kwa Kiha. Na wewe usibonyeze dole gumba kichwa kikiwa moto, omba siku mbili.

Akikutishia panga, hilo ni la polisi, si la baraza.

Hukuniambia jambo moja: msimamizi wa mirathi ameteuliwa? Kama bado, anzia Mahakama ya Mwanzo, maana shamba likiwa bado la marehemu, shemeji atauliza unasimama kama nani, na atakuwa na haki ya kuuliza.