Nimenyimwa kurekebisha hati ya madai, nikate rufaa?

Wiki hii maswali yamefanana sana, wengi mliomba kurekebisha hati ya madai (karatasi inayofungua kesi na kusema unadai nini) mkakataliwa. Najibu kwa sheria ya Tanzania bara.

Namdai mtu hela ya mbao. Makaratasi ya mzigo yanasema milioni 84, kwenye hati ya madai ikachapwa 48. Nikaomba kurekebisha, hakimu wa wilaya kakataa. Naenda Mahakama Kuu?

Usiende, sio sasa. Kifungu cha 74(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Madai (Sura ya 33, toleo la 2019) kinazuia rufaa ya uamuzi mdogo (unaotolewa kesi ikiendelea) mpaka uwe umeimaliza kesi, na wako haujaimaliza, kesi ipo na tarehe ijayo itaitwa kama kawaida. Ukikomaa tu na rufaa, wakili wa upande wa pili analeta pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria kwamba rufaa haifai hata kusikilizwa, rufaa inatupwa, gharama juu yako, na kesi ya msingi imesimama miezi huku shahidi aliyeshusha zile mbao keshahama mji. Nimeshaona hii, inauma jamani.

Basi niombe mapitio, yaani Mahakama Kuu ikague jalada la kesi, badala ya rufaa?

Zuio ni hilo hilo kwenye mapitio.

Kwa hiyo nimekula hasara?

Hapana, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Endelea na kesi, hukumu ikitoka kinyume chako au ikakupa 48 tu, kata rufaa ya hukumu yenyewe na kule kunyimwa marekebisho iwe mojawapo ya sababu zako za rufaa. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 90, na zile siku ulizokuwa unasubiri nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) hazihesabiwi, ila uombe nakala kwa barua na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, hiyo karatasi imeokoa watu wengi.

Ukifika huko usiseme tu hakimu kakosea. Kuruhusu marekebisho ni hiari ya mahakama, na tangu kesi ya Mbogo v Shah ya 1968 mahakama inayosikiliza rufaa haiingilii hiari hiyo mpaka uonyeshe hakimu alijielekeza vibaya au kaacha jambo la maana. Halafu weka kesi ya Eastern Bakery v Castelino ya 1958: marekebisho yakiombwa kabla ya kusikilizwa yaruhusiwe kwa wepesi, ilimradi mwenzako asidhulumike, na kama usumbufu wake unafidika kwa gharama hajadhulumika. Tarakimu mbili kupishana, mimi naona ni kesi ya hivyo kabisa. Ila kama uliomba mashahidi wakiwa wameshamaliza, una mlima.

Siwezi kuiondoa kesi nikafungua upya?

Unaweza, omba kuiondoa kwa ruhusa ya kuirudisha, Amri ya XXIII ya Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Madai. Angalia kalenda kwanza lakini, maana ukomo wa muda unahesabiwa kama vile kesi ya kwanza haikuwepo, na deni la mkataba ni miaka 6. Kama mbao zilichukuliwa miaka mitano na miezi kumi iliyopita usiiguse, baki na kesi yako.

Mimi niko Nairobi, ni hivyo hivyo?

Kwenu Kenya, Amri ya 8 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inakupa kurekebisha mara moja bila ruhusa kabla nyaraka za madai hazijafungwa (yaani kabla pande zote hazijamaliza kubadilishana madai na majibu), kwa hiyo cheki kwanza kama hata ulihitaji kuomba.